UZI: Maji uliyoogea leo yametoka wapi? Gredi ya 5 wamefuata mtungi kutoka mlangoni hadi matangi ya Nguu Tatu

Mwalimu_Kisauni

Assalaam alaykum, na habari za jioni nyote.

Mimi nafunza Gredi ya 5 katika skuli ya msingi ya serikali hapa Kisauni, Mombasa. Nina watoto hamsini na sita. Naandika kwa walimu wenzangu na kwa wazazi, maana muhula huu tumefanya jambo ambalo sikutarajia lingekua kiasi hiki, na ningependa skuli nyingine zilijaribu.

Mtaala unatutaka tuwaeleze watoto huduma za jamii zinavyofanya kazi. Kwa kawaida unachora mfereji ubaoni, unachora hospitali, unachora soko, halafu unauliza: huduma hii hutolewa na nani? Watoto wangu wakaandika "serikali" kila mahali. Wakapata alama zote. Nikasahihisha madaftari nikiwa na uzito moyoni, kwa sababu nilijua hakuna hata mmoja angeweza kuniambia hiyo serikali inafanya nini usiku ili maji yafike kwao asubuhi.

Siku ya pili nikafuta ubao, nikaandika swali moja tu: *Maji uliyoogea leo yametoka wapi?*

Majibu: kwa mama. Kwenye pipa. Kwa mwenye mkokoteni. Kwa jirani mwenye kisima. Mmoja akasema yeye hakuoga, kwa sababu maji hayakuwepo, na nikamwambia hilo ni jibu pia, aliandike.

Basi tukapatana hivi. Tutamfuata kila aliyetajwa, na kila atakayetujibu tutamuuliza yeye naye: na wewe umeyapata wapi? Hatusimami mpaka tukose wa kumuuliza. Hiyo ndiyo mbinu yote, sina nyingine.

---

Mwalimu_Kisauni

Naendelea.

Tulianza kwa mzee mmoja wa mkokoteni anayepita nyuma ya skuli kila asubuhi. Nilikwenda kwanza peke yangu nikamuomba ruhusa, nikamwambia watoto watamuuliza maswali mengi. Akasema niwalete.

Watoto wakahesabu mitungi: kumi na sita. Kila mmoja lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hilo walilijua kitabuni, lakini walipozidisha wakapata kilo 320 kabla hujahesabu mbao na magurudumu, wakamtazama yule mzee upya. Mvulana mmoja akaomba kuinua mikono ya mkokoteni. Haikwenda popote. Mzee akamwonyesha namna ya kuegemea, kwamba unasukuma kwa kifua na mguu wa nyuma, mikono ni ya kuongoza tu. Akawaonyesha vifuniko vilivyopotea, anakata mfuko wa nailoni, anaukunja mara nne, anauziba mdomo wa mtungi na kuufunga kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari. Watoto walichora hilo fundo. Wengine wamelichora vizuri kuliko mimi ningeweza.

Akatuambia anajaza mtungi kwa shilingi 5 kwenye kioski cha maji, anauza 20 mlangoni kwako. Maji yakikatika, anauza 40. Msichana mmoja akamuuliza, "Baba, mtungi ni ule ule, mbona bei inapanda?" Mzee hakukasirika. Akasema siku hizo kioski cha karibu hakina kitu, anakwenda hadi kilicho na maji, anakaa foleni saa mbili, na badala ya safari sita anafanya mbili. Tukarudi darasani tukachora njia zake zote mbili. Watoto wakaona wenyewe kwamba ile nyongeza ni ya njia na foleni.

Kutoka hapo tukaenda kioski. Mama wa kioski akatuonyesha mita yake na bili. Maji huhesabiwa kwa yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Fanyeni hesabu pamoja na watoto wangu: mitungi 50 kwa shilingi 5 ni 250. Mitungi 50 kwa shilingi 20 ni 1,000. Ni maji yale yale, kutoka bomba lile lile.

Tulikaa juu ya hesabu hiyo kipindi kizima. Mtoto mmoja ambaye kwao hawana mfereji akasimama akasema, "Kwa hiyo sisi tusio na mfereji ndio tunaolipa zaidi." Ndivyo ilivyo, na si Kisauni peke yake. Nimefunza hesabu za kuzidisha miaka kumi na moja na sijawahi kuona darasa likizidisha kwa moyo namna ile.

---

MamaWawili_Bamburi

Mwalimu, hongera, lakini nina swali la mzazi. Gredi ya 6 kuna mtihani wa taifa, KPSEA. Muda wa kufuata mikokoteni unatoka wapi? Na usalama wa watoto barabarani? Mimi wangu ni wa miaka kumi, simuachi avuke barabara peke yake.

---

Mwalimu_Kisauni

Mama, swali la haki. Kutoka nje ya skuli tulitoka mara tatu tu muhula mzima, kwa barua ya mwalimu mkuu na sahihi ya kila mzazi, na kila watoto kumi walikuwa na mtu mzima mmoja. Wazazi saba walijitolea. Kazi nyingine yote ilifanyika darasani na nyumbani.

Kuhusu mtihani: tumefanya kuzidisha, kugawanya, vipimo, ramani, insha na mahojiano. Sikuongeza hata kipindi kimoja. Nilibadilisha mifano tu.

Na gharama, kwa sababu najua wazazi mmechoka na miradi ya kununua vitu: manila mbili na kalamu za rangi za skuli. Nauli ya safari ya Nguu Tatu ndiyo pesa pekee tuliyochangisha, na asiyeweza hakuachwa nyuma.

---

Mwalimu_Kisauni

Sasa sehemu iliyonigusa mimi.

Niliwapa kila mtoto karatasi ya wiki mbili. Kazi ilikuwa moja: andika siku na saa maji yalipokuja mtaani kwenu, na nani aliamka kuyateka. Tukabandika karatasi zote kwenye manila ukutani, kila mtaa na rangi yake. Mgao ukaonekana pale pale. Mtaa mmoja Jumatatu mchana. Mwingine Ijumaa asubuhi. Na kuna kijimtaa kimoja cha juu ambako maji huja Jumanne usiku kuamkia Jumatano, saa saba hadi saa kumi, halafu basi mpaka wiki ijayo.

Nina mwanafunzi anayetoka huko. Kila Jumatano analala darasani. Nimemuamsha, nimemsimamisha, nimemwita mamake, nimeandika kwenye ripoti yake kwamba ni mzembe siku nyingine. Karatasi yake ilisema: *Jumanne usiku. Aliyeamka: mimi na dada.* Wiki ya pili, vivyo hivyo.

Mama yao anafanya kazi ya zamu. Wao wawili ndio wanaojaza pipa.

Nilimuomba radhi mbele ya meza yangu, si mbele ya darasa. Jumatano tumebadilisha, hesabu nimeipeleka kipindi cha baada ya mapumziko. Lakini nisingejua. Alikuwa nami tangu Januari, na ni ile manila iliyoniambia.

---

BintiLikoni

Mwalimu nimesoma hapo nikasimama kidogo. Hapa Likoni pia tunao watoto kama huyo. Nitaangalia rejista yangu kwa jicho hilo.

---

FundiBomba_Changamwe

Mwalimu, mimi ni fundi wa mabomba zaidi ya miaka ishirini. Niruhusu niwaelezee watoto mambo matatu ambayo pengine wameyaona bila kuyajua.

La kwanza, hiyo zamu ya maji inashikwa na valvu. Ni chuma kilichofukiwa chini ya kifuniko barabarani, na kuna mtu anayekuja na ufunguo mrefu wa herufi T, anakifungua mtaa huu na kukifunga ule. Maji yakiwa machache kuliko mitaa, hakuna namna ila kupokezana. Watoto wakimuona huyo mtu, wamsalimie. Usiku wa manane yeye yuko macho kama yule mwanafunzi wako.

La pili, kile kijimtaa cha juu. Maji yanasukumwa na uzito wake mwenyewe. Mchana watu wa bondeni wamefungua mifereji yote, nguvu inaisha kabla ya kufika mlimani. Usiku bondeni wamelala, mifereji imefungwa, ndipo maji yanapanda. Kwa hiyo saa saba usiku si kwamba kuna mtu kawachukia. Ni mwinuko. Dawa yake ni tangi au bomba pana zaidi, na hayo ni mambo ya pesa na mipango, ambayo watoto wana haki ya kuyauliza pia.

La tatu ni hewa. Bomba likikaa tupu linajaa hewa. Maji yakirudi, hewa inatangulia, na mita ya kizamani inazunguka kwa hewa vile vile. Waambie watoto waweke sikio karibu na mita maji yanapokaribia. Watasikia mluzi, halafu mikoromo, halafu maji yenye rangi ya chai kwa dakika chache. Hayo ya kwanza wasinywe. Bomba lililopasuka likiwa tupu linavuta uchafu wa udongoni, na wale wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa wanazidisha huo uvutaji. Wenye pampu hizo, naomba mnisikie: tekeni kwenye tangi lenu, msinyonye bomba la watu.

---

Mwalimu_Kisauni

Fundi, Mungu akubariki. Mluzi wanaujua! Mtoto mmoja aliandika "maji hupiga mbinja kabla ya kuja" na mimi nikadhani anatunga. Kesho namrudishia alama yake.

Sasa mlima. Mama wa kioski tulipomuuliza amepata wapi, akanyoosha mkono: Nguu Tatu. Tukapanda matatu mbili tukaenda. Tulisimama nje ya ua tukayatazama matangi, na mlinzi mmoja mwenye subira akatujibu tuliyoweza kumuuliza. Kule hayaanzii. Yanatoka Baricho, ndani ya kaunti ya Kilifi, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki. Na mto huo ndio ule ule Athi wa bara, ukipita Tsavo unaitwa Galana, ukikaribia baharini unaitwa Sabaki. Watoto walifurahi kujua kwamba mto una majina matatu kama mtu.

Baricho maji yanapandishwa kwa pampu za stima. Hapo ndipo kijana mmoja akashika kichwa: "Kwa hiyo stima ikipotea Baricho, sisi tunakosa maji huku?" Naam. Tukachora mshale wa stima ukiingia kwenye mchoro wa maji. Tangu hapo hawataki tena mchoro wa mshale mmoja. Stima inaingia, barabara inaingia, kwa sababu mzee wa mkokoteni mvua ikinyesha hapiti kwenye matope, na simu inaingia, kwa sababu kioski wanalipwa kwa M-Pesa.

---

Mzee_Kibokoni

Nimewasoma kwa furaha, wanangu. Mimi nimekulia Mji wa Kale, na kabla ya yote hayo kulikuwa na visima. Misikiti ya zamani ilikuwa na kisima chake na birika la kutilia udhu, na visima vingine mpaka leo vina maji. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, yana vitundu kama sifongo. Mvua ikinyesha maji yanazama upesi, hukai na matope siku mbili. Uzuri huo una ubaya wake: choo ukikichimba karibu, nacho kinazama vile vile mpaka kisimani. Na ukivuta maji kupita kiasi, bahari inaingia kwa chini, kisima kinageuka chumvi. Wazee walikuwa wakionja. Kulikuwa na kisima cha kunywa, kisima cha kufulia, na kila mtu mtaani alijua kipi ni kipi.

Bomba la chemchemi za Mzima lilijengwa miaka ya 1950. Hilo linatoka Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita mia mbili. Mvua inanyesha vilima vya Chyulu, inapita ndani ya mawe ya volkano, inachimbuka Mzima ikiwa safi hata unawaona viboko chini ya maji. Na kabla ya Mzima kulikuwa na Marere, huko Shimba, Kwale. Mwalimu, waambie watoto waulize mababu zao maji ya nyumbani kwao yalikuwa ya kisima kipi. Sisi tunaondoka na majina ya visima.

---

Mwalimu_Kisauni

Shikamoo mzee. Hilo la kuulizia visima naliandika sasa hivi liwe kazi ya likizo.

Na kuhusu Mzima: watoto waliponiuliza kwa nini yanafika bila kupandishwa kwa pampu, tuliweka ndoo juu ya meza, mpira wa bustani, na ndoo nyingine sakafuni. Ukivuta kwanza kwa mdomo, maji yanateremka yenyewe. Mzima iko juu, sisi tuko usawa wa bahari. Wakataka kujua ikiwa mpira ungepanda kidogo katikati kisha ushuke itakuwaje. Tukajaribu kwa kitabu, kisha kwa kiti. Tulilowesha sakafu yote.

---

Mtaita_wa_Voi

Niongeze moja kwa heshima. Hilo bomba la Mzima linapita kaunti yetu ya Taita Taveta kabla ya kufika kwenu. Kuna vijiji huku vinaliona likipita na bado akina mama wanabeba mtungi mgongoni. Tumelisema miaka mingi. Watoto wa Mombasa wakichora mchoro, wasichore Mzima na Mombasa pekee. Waweke na sisi wa katikati.

---

Mwalimu_Kisauni

Ndugu, umesema kweli. Kwenye ramani yetu kati ya Mzima na Mazeras, karibu na Mombasa, kulikuwa na mstari mtupu. Jumatatu tunaujaza.

---

BintiLikoni

Nataka nieleze letu, ingawa halikwisha vizuri. Sisi tulifuata takataka badala ya maji, kwa swali lako hilo hilo lakini kinyume: na wewe unazipeleka wapi?

Mama anampa kijana wa mtaa takataka, pamoja na pesa kidogo kila wiki. Kijana anazipeleka kwa mkokoteni hadi pahali pa kukusanyia. Pale lori huja, au haliji. Likija, zinavuka kwenda jaa la Mwakirunge, upande wenu wa kaskazini. Zamani zilimwagwa Kibarani, pale ukivuka Makupa, na wakubwa wote darasani mwetu, yaani mimi na mpishi, tulikumbuka harufu ile. Watoto wa sasa wanapajua kama pahali palipopandwa miti.

Tulipokwama ni pale pa kukusanyia. Lori lilikosa kuja wiki tatu, na watoto wakataka kujua nani anaamua siku ya lori. Tukapiga simu ofisi moja, ikatuelekeza kwa nyingine. Ya pili ikaturudisha kwa ya kwanza. Watoto walichora mishale miwili inayotazamana, na katikati wakachora taka. Sikuwasahihisha, maana ndivyo tulivyoambiwa.

Waliandika barua. Hatujajibiwa. Nimewaambia tutaandika tena, na nimeweka nakala.

---

Msemakweli_Mvita

Mimi sikubaliani na haya. Mtoto wa miaka kumi kumuandikia mkubwa barua ya kumuuliza kwa nini lori halikuja, hiyo si adabu tuliyolelewa nayo. Mwishowe wanatumiwa na wanasiasa. Mwacheni mtoto asome.

---

Mwalimu_Kisauni

Ndugu yangu, adabu nakuunga mkono, na barua zetu zote zinaanza kwa salamu na kuisha kwa shukrani. Lakini kuuliza si utovu wa adabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Imeandikwa kila mtu, na mtoto ni mtu.

Tena hawaulizi ili wamuaibishe yeyote. Nikupe mfano. Mwanzoni walikuwa wanasema "serikali haileti maji". Sasa wanajua kwamba kuna wakala wa taifa anayetoa maji ya Baricho na Mzima, na kuna kampuni ya kaunti inayoyasambaza mitaani, na bei inaidhinishwa na WASREB, bodi ya taifa inayosimamia huduma za maji. Wanajua hata skuli yetu ya msingi iko chini ya serikali ya taifa na chekechea iliyo ua huo huo iko chini ya kaunti. Mfereji wa chekechea ulipoharibika walikuja kuniuliza aandikiwe nani, na walikuwa na jibu mbele yangu. Mtoto anayejua amuulize nani ni vigumu zaidi kumtumia kuliko yule anayejua kulaumu tu.

---

MamaWawili_Bamburi

Mwalimu, jana wangu kaniuliza bili yetu ya maji iko wapi. Kaisoma, bei ya yuniti kaigawanya kwa 50, kaniambia mtungi wetu ni shilingi ngapi. Halafu kafunga mfereji niliokuwa nimeuacha wazi nikiosha mchele. Nimekubali. Safari ijayo mnihesabu miongoni mwa watu wazima.

---

FundiBomba_Changamwe

Nina valvu mbovu ya inchi mbili nyumbani na mita moja iliyokufa. Nikizipasua katikati watoto wataona ndani, ule ulimi unavyoshuka na kigurudumu cha mita kinavyozungushwa. Niko tayari kuja Kisauni siku sina kazi. Sihitaji malipo, nauli ninayo.

---

Mwalimu_Kisauni

Fundi, Alhamisi saa nne asubuhi, baada ya mapumziko ya chai. Lete zote mbili, na kama unao ule ufunguo wa T ulete pia, hata kama ni wa kuazima. Jumatano usije, kuna mmoja nataka awe macho.

Watoto wameshaanza upande wa pili: maji tukishayatumia yanakwenda wapi? Kisauni sehemu kubwa hatuna bomba la majitaka, ni mashimo na magari ya kunyonya. Kisiwani lipo sehemu nyingine, na upande wa bara, Changamwe, kuna mtambo wa kusafishia majitaka wa Kipevu. Kama yupo humu anayeendesha gari la kunyonya mashimo na anaweza kuwavumilia watoto hamsini na sita wenye maswali, naomba anitumie ujumbe. Tutasimama mbali, na upande upepo unakotoka.